Maharage ya Profesa Luc

Siku ya kuagana Kashebere, Papa Barthélemy alibwata mbele ya kanisa zima: "Mutoto wangu hawezi kubaki kwa chuo kwenye profesa analima maharage! Tunaenda Kirotshe." Mdomo huo! Profesa Luc, mwalimu wa hesabu wa binti yake Solange, alikuwa palepale, matope miguuni. Kesho yake ndiye aliyewabebea godoro hadi barabarani, akawapa na mfuko wa maharage.

Kirotshe, chuo kipya kilimpima Solange na wageni wenzake kwa mtihani wa hesabu kabla ya kumpokea. Akawashinda wote. Mkuu wa chuo akamwita pamoja na baba yake. "Hesabu hizi ulifundishwa na nani?"

Solange akamgeukia baba yake. "Papa, umutaje wewe."

Jina likamkwama kooni, palepale yalipopita maharage ya Luc asubuhi ile.