Kikao cha Kapeti la Nyasi

Usiku wa kuamkia leo niliota kapeti la nyasi lililoko uwanjani kwangu limeitisha kikao, na ajenda ni mimi.

Sikushangaa. Ndotoni ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limetoka lakini halina kazi yoyote, kama lilivyo kwetu Uwemba, huku milimani kwenye baridi, mwezi wa saba. Nilivaa sweta mbili, nikajifunga kitenge juu yake, nikabeba kiti changu nikatoka. Mtu akiitwa kikaoni huenda.

Afadhali niwaeleze kwanza kapeti lenyewe lilivyofika. Mume wangu, Mwalimu Galus Mligo, alipata kiharusi mwaka jana, mguu wa kushoto ukagoma. Uwanja wetu ni wa udongo mwekundu, na ukilowa hata mbuzi anaanguka. Binti yetu Skolastika akaleta nyasi bandia kutoka Dar es Salaam, zikatandikwa toka mlangoni hadi kwenye mti wa mfyulisi karibu na geti, ili baba yake ajifunze kutembea upya. Kila asubuhi alikuwa anakwenda hatua ishirini na mbili, anagusa mti, anageuka, anarudi. Mimi nilikuwa namhesabia kimyakimya dirishani, na kila akigusa mti nilikuwa nashusha pumzi.

Nyasi zilikuja na karatasi ya masharti ya msimu wa baridi. Niliyashika yote isipokuwa moja: kitu cha moto kisiwekwe juu yake. Asubuhi moja niliwasha jiko la mkaa nje, kama tunavyofanya wote huku, likolee na moshi uishe ndipo liingie ndani kupasha chumba. Mikono yangu ikaliweka palepale inapoliweka miaka yote, karibu na mti, penye upepo. Ikasahau kwamba siku hizi pale pana kapeti. Nilipoliinua nikakuta nyasi zimeyeyuka, duara jeusi la upana wa sinia, hatua tatu tu kabla ya mti.

Nikaburuta chungu cha maua nikalifunika. Kisha, Baba Skola asije akakiulizia kile chungu, nikamwambia nje umande umeganda, atateleza, asubiri baridi ipite. Nikafunga mlango kwa komeo la juu ambalo mkono wake haufiki. Hii ni wiki ya tatu. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alishatuambia kwamba mguu usipotembezwa unasahau. Nilimsikia vizuri sana, na komeo nikaliacha lilivyo.

Basi, kikao. Nyasi zote zimesimama wima. Mwenyekiti ni brashi yangu ngumu ya mpini mrefu. Katibu ni jani la mfyulisi, limekauka, limevaa miwani.

"Akidi imetimia," brashi inasema. "Wenye udhuru ni wale walioungua."

"Poleni," nasema.

"Tumeshapoa," nyasi zinajibu kwa pamoja, bila kinyongo.

Jani linaomba nafasi ya kuzungumza kabla ya ajenda. "Mama Skola, umetufagia kila siku tangu mwezi wa tano, tusije tukaozea juu ya nyasi. Hatulalamiki. Ila hujawahi kutuuliza tulikuwa tunakwenda wapi."

"Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Chini."

"Si mlishafika?"

"Tulishafika. Tunashukuru kuulizwa." Likaketi, likaandika hilo.

Brashi ikakohoa, ikasoma sharti la pili: kilicholala kipigwe brashi kinyume na kilivyolala, mpaka kisimame. "Haikuandikwa nyasi," ikasema. "Imeandikwa kilicholala."

Sikuinuka kwenye kiti, lakini tulikuwa tayari hospitalini, kwenye chumba cha mazoezi chenye vile vyuma viwili vya kushikilia. Kapeti limetandikwa sakafuni ukuta hadi ukuta. Baba Skola amelala kitandani, blanketi limemfika kidevuni. Brashi inajileta mkononi mwangu. Naanza kupiga brashi blanketi, kutoka miguuni kwenda juu. Majani yanapaa yanarudi mtini. Chai iliyopoa inarudi kwenye birika ikiwa na moto wake. Naipiga suruali yake toka kifundoni hadi gotini, na Baba Skola anainuka taratibu, mpaka amesimama mbele yangu na pajama zake za mistari.

"Unanikwaruza," anasema.

"Vumilia kidogo."

"Sijasema uache."

Nilitaka kumshika mkono, lakini brashi ikagonga mpini wake chini, na tukawa uwanjani tena. Baridi imezidi. Nyasi zimekuwa nyeupe ncha zote.

"Sharti la tatu," ikasema. "Kilichoganda kisikanyagwe, maana kitavunjika. Na kisikwanguliwe kwa chuma. Nani hapa ameganda?"

Nyasi hazina vidole, kwa hiyo ziliinama zote upande wangu. Nikajitazama. Barafu ilikuwa imenipanda toka nyayoni hadi magotini, na sikumbuki ilianza lini.

Akaitwa shahidi. Jiko likaja kwa miguu yake mitatu, polepole, maana mmoja ni mfupi.

"Mimi niliwekwa," likasema. "Sikujiweka."

"Aliyekuweka alikuwa anawaza nini?"

"Miguu ya Mwalimu. Aliishika alfajiri ikawa ya baridi sana. Alikuwa anaharakisha."

"Iandikwe," brashi ikasema. Jani likaandika: alikuwa anawaza miguu.

Hapo nikaona nijitetee, ingawa hakuna aliyenishtaki. Nikasema duara nitalilipia kwa kiraka, kipo kipande kilichobaki, Baba Skola anakikanyaga akishuka kitandani, nitakikata.

"Hatukukuita kwa ajili ya duara," nyasi zikasema. Zilikuwa na sauti ndogo, mtu ungeweza kuzifunika kwa kukohoa. "Tumekuita kumuulizia mtu. Kila asubuhi unatusimamisha kwa brashi, tunasimama, tunangoja, hapiti mtu. Ni mgonjwa zaidi?"

Nikashindwa kudanganya nyasi. "Si mgonjwa zaidi. Mimi ndiye ninayeogopa. Kilikuwepo kitu kimoja tu cha kumsimamisha, na aliyekichoma ni mkewe. Sitaki aone. Afadhali akae."

Nililisikia hilo neno la mwisho likitoka, nikaona aibu mbele ya jiko.

"Mama Skola," akasema mume wangu. Alikuwa bado amesimama, pajama zake zikipepea. "Nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne. Unadhani chungu cha maua kikiongezeka uwanjani kwangu sitajua?"

"Ulijua?"

"Siku ileile. Plastiki ikiungua inanuka mpaka chumbani."

"Na hukusema. Wiki tatu umekaa ndani, mguu unalala, hukusema."

"Ulikuwa umeganda," akasema. "Nami karatasi ya masharti nimeisoma."

"Imeandikwa ufanye nini?"

"Imeandikwa usubiri jua."

Tukasubiri. Kikao kizima kikasubiri, hata jiko. Jua likashuka kutoka kwenye mfyulisi, likapita juu ya chungu cha maua, likafika kwenye kiti changu, na barafu ikaanza kunitoka magotini. Nikalia. Machozi yalikuwa ya moto, nikayakinga kwa kitenge yasidondoke, kwa kuwa kitu cha moto hakiruhusiwi kwenye kapeti, na kosa hilo sikutaka kulirudia.

"Tunafunga kikao," brashi ikasema. "Mmoja wa waliopata udhuru atamsindikiza Mwalimu, asije akapotea njia."

Kutoka chini ya chungu ukatoka unyasi mmoja mfupi, ncha yake nyeusi imejikunja. Ukajivuta hadi kwenye mguu wa kushoto wa mume wangu na kuingia ndani ya soksi.

"Kwa nini wa kushoto?" nikauliza.

"Wa kulia unaijua njia," ukanijibu kutoka humo ndani.

Nikaamka. Kulishakucha. Baba Skola amelala chali, na miguu imetoka nje ya blanketi kama kawaida yake. Soksi zile nilimvalisha mwenyewe jana jioni, safi, nimezianua kwenye kamba ya jikoni na kuzikung'uta. Nikainama nimfunike.

Kwenye soksi ya kushoto, katikati ya sufu, kulikuwa na unyasi mmoja wa kijani umechomoza. Nikauvuta. Ncha yake ilikuwa nyeusi, imejikunja.

Nikaenda mlangoni kutazama. Komeo la juu lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha. Nikalivuta, nikauacha mlango wazi, nikarudi kuketi pembeni ya kitanda huku baridi ikiingia. Unyasi niliushika kiganjani.

"Baba Skola," nikasema. "Mimi nimechoma kapeti lako. Niliweka jiko. Pale penye chungu."

Hakufumbua macho. Alinyoosha mkono, akanishika goti, akalishikilia hapo kwa muda kana kwamba anapima kitu.

"Jua limeshafika kwenye mti?" akauliza.

Nikachungulia mlangoni. "Bado kidogo."

"Basi nivalishe viatu," akasema. "Tutakuta limefika."