Chai Isiyotiwa Sukari

Nuha aliiokota chupa ya chai kwenye jalala la kambi ya wakimbizi, Mombasa, siku alipotumwa kumwaga majivu. Kifuniko haikuwa nacho, wala kioo cha ndani. Lilibaki ganda la bati lenye maua mekundu, na sisimizi. Mama yake, Bimdogo, aliipindua. Kwanza wakatoka sisimizi, kisha chai ya maziwa, ya moto.

Nuha akaenda kutafuta vikombe.

"Haina sukari," alisema Bimdogo alipoonja. Kisha akakaa chini.

Ilikuwa chai yake mwenyewe. Aliiacha jikoni Kismayo asubuhi ile wenye bunduki walipoingia mtaani, kabla hajaitia sukari. Mumewe, Famau, alimwambia, "Tangulieni pwani, mimi nizime jiko." Mashua ikaondoka bila yeye. Sasa mwaka umepita na chai bado ya moto. Basi jiko halijazimwa, na wa kulizima bado yumo ndani.

"Famau hana haraka huyo," alisema jirani yao Zaituni, ambaye hajawahi kukataa cha bure. "Hata harusini kwake tulimngoja yeye."

Tangu hapo, kila alasiri Bimdogo alimimina vikombe viwili, kimoja chake, kimoja cha Famau. Cha Famau alikinywa Zaituni, kisije kikapoa. Chai ikinuka moshi, Bimdogo alisema kuni zimeloa huko. Ikitoka kidogo, alisema Famau ana wageni, na mumewe huyo hajui kupima.

Mwezi wa Rajabu chai ikatoka na sukari. Sukari tele, na iliki, na mdalasini. Zaituni akalamba midomo, kisha akamwona mwenzake usoni, akaacha kulamba.

"Famau hajui sukari ilipo," alisema Bimdogo. "Niliificha mwenyewe, asiilambe. Miaka yote ile hakuiona, na iko juu ya kichwa chake."

"Labda ameiona sasa, mama."

"Huyo? Kofia yake mwenyewe huitafuta akiwa ameivaa. Kuna mtu amepekua jiko langu, Nuha. Mwanamke. Na kupika anajua."

Kambini kila mtu alijua kwamba nyumba za Kismayo zimeshaingiwa na wenye bunduki, wao na wake zao.

Zaituni hakuweza kuvumilia kimya. "Labda ameoa, shoga," alisema, akajaribu kucheka.

Bimdogo aliishika chupa kwa mikono miwili, akalisikiliza joto lake.

"Inshallah awe ameoa," alisema.

Kesho yake chai ilitoka vilevile, tamu, na iliki yake. Bimdogo akamimina vikombe viwili. Zaituni alikuja, akakaa, akaongea habari za foleni ya maji mpaka magharibi ikaadhiniwa. Kikombe cha Famau hakukigusa. Kikapoa.