Shali Mpya ya Gedalya

Matanga ya mwezi yalipokwisha, Frumet alimwambia mumewe avae kofia, wanakwenda kununua shali. Gedalya akavaa. Siku hizo ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia kula, anakula, na ukimuuliza amekula nini, hajui.

Shali yake ya sala ilikuwa imezikwa pamoja na mwanawe. Naftali alianguka ghafla chuoni, moyo ukasimama, kijana mbichi kabisa. Hakuwa na shali yake mwenyewe, maana kwao mwanamume huipata anapooa. Waoshaji wa maiti walipouliza shali ya kumzika nayo, Gedalya alivua ya kwake mabegani akawapa. Tangu hapo alikuwa akiazima za sinagogi, nyepesi, zenye jasho la watu wengine.

Duka la Zanvil lilikuwa kichochoroni, katika mtaa wa Mea Shearimu, shali za sufu zimepangwa mpaka darini.

"Karibuni, karibuni! Mama, unamwozesha nani?"

"Hatuozeshi. Ni ya huyu mume wangu."

"Kumbe ameichakaza ya zamani kwa sala! Hongera, mzee. Wengine huzichakaza kwa kusinzia."

Gedalya aliutazama mdomo wa Zanvil ukienda. Alijua ule ni mzaha, na kwamba zamani angecheka.

"Mistari myeusi unaitaka mipana au myembamba?" Zanvil akauliza.

"Yoyote."

"Yoyote sina, mzee. Nina mipana na myembamba."

"Mipana," alisema Frumet. Aliisugua sufu kwa vidole, akavuta matamvua ya pembeni kuona kama yamefungwa barabara. "Hii inakwaruza. Lete nyingine."

"Mama, si anavaa yeye?"

"Lete nyingine."

Ya tatu Gedalya alijifunika mpaka kichwani. Mle ndani mlikuwa na giza na harufu ya kondoo. Akangoja machozi. Badala yake akajikuta anawaza kama amezima jiko. Akabaki amesimama tu.

"Mzee, kioo kiko huku," Zanvil alianza.

"Mwache," alisema Frumet. "Ile ya zamani haikuchakaa. Tumemzika nayo mtoto wetu."

Zanvil akakaa juu ya ngazi yake. "Mungu awafariji," akasema.

"Baba Naftali, umo humo?" Frumet akauliza.

"Nimo."

"Unaisikiaje?"

"Siisikii."

Katika mtaa ule mke na mume hawagusani mbele za watu. Frumet alishika pindo la shali, akalikamata kwa mikono miwili, akakaa nalo hivyo.

"Basi tunaichukua hii," akasema mwishowe. "Ukija kuisikia, sawa. Usipoisikia, ni sawa pia. Lakini za kuazima hurudii."

Asubuhi yake aliivaa sinagogini. Jirani yake wa benchi, Hirsh, akampigapiga begani. "Mpya hiyo! Uivae mpaka izeeke."

"Amina," akaitikia Gedalya, akafungua kitabu na kutafuta walipofika wenzake.