Kiti cha Kushoto

Gereji nzima walimwita Kimya, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa chini ya gari, springi na shokamzoba, na gari likitoka mikononi mwake lilikuwa halisemi neno. Mwenyewe naye hakuwa msemaji. Miaka hamsini na miwili, mke hana, mtoto hana, anaishi katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Sasa niambie wewe kama hiyo si aibu: fundi huyohuyo, mwenye jina hilohilo, gari lake mwenyewe linalia. Nyiii, kila tuta. Nyiii, kila shimo. Mlinzi wa kiwanda alikuwa akimsikia kabla hajamwona, anainua mkono huku amempa mgongo na kusema, "Karibu nyumbani, fundi, nimekusikia tangu kule kona."

Aibu angeimeza. Kilichomkosesha usingizi ni mama yake. Kwa miaka kumi na minne mama aliishi naye katika vile vyumba viwili, mpaka dada mkubwa alipokuja kumchukua, akampeleka kwake, mji wa mbali, mwendo wa saa nne. Mwezi mmoja tu, alisema dada, apumzike. Mama hana hata wiki huko, gari likaanza kulia. Kimya akamwambia kwenye simu, na mama akajibu, "Basi litengeneze kwanza. Likinyamaza, njoo unichukue. Sitaki ukwame njiani kwa ajili yangu." Ule mwezi mmoja sasa ulikuwa miezi saba. Kwa hiyo mlio ule haukuwa mlio tu. Gari likinyamaza, mama anarudi. Lisiponyamaza, Kimya anaendelea kula peke yake huku anaangalia ukuta.

Kibaya zaidi, gari lenyewe alilishusha kwa ajili ya huyohuyo mama. Vijana hushusha magari ili waonekane, wakapita barabarani wameegemea mlango kama wafalme. Yeye alilishusha kwa sababu ya magoti. Gari lilikuwa limeinuka, na mama kila akitaka kupanda ilibidi asukumwe kwa nyuma, majirani wanatazama, naye anajitia hamnazo huku uso umemwiva kwa haya. Kimya akafunga springi fupi, gari likashuka vidole vinne, akabadilisha na bushi zote za mbele, zile pete za mpira kwenye maungio ya chini ya gari, zikawa mpya. Mama akafungua mlango, akakalia kiti, akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili. Akasema, "Alaa. Kumbe mimi bado mtu." Siku hiyo Kimya alifurahi kuliko siku nyingine yoyote anayoikumbuka. Wakatembea na gari hilo wiki tatu bila mlio wowote, kisha dada akaja.

Gerejini kila mtu alikuwa na la kusema. "Gari likishushwa lazima lilie," alisema fundi rangi, ambaye kuhusu springi anajua kuzipiga rangi tu. Kimya alifungua fimbo mbili ndogo zinazoshika chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona, akaendesha bila hizo. Nyiii. Akazirudisha. Akakagua vichwa vya shokamzoba, akapaka grisi, akaweka mpira mpya pale springi inapokaa. Nyiii. Kwa kawaida mlio unautafuta mkiwa wawili, mmoja anaendesha, mwingine anasikiliza. Lakini Kimya kumwomba mtu? Afadhali ang'olewe jino. Akachukua simu yake, akaifunga kwa utepe wa gundi kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu la kushoto kwa chini, akaiwasha irekodi, akaenda kuzunguka mtaa peke yake.

Aliporudi akalala chini, akaibandua, akasikiliza. Nyiii, kimya, nyiii, nyiii, kisha sauti ikakatika. Mama alikuwa amepiga. Alipiga simu ikiwa imefungwa kule chini ya gari, kwenye vumbi, na hakuna wa kupokea. Kimya akampigia papo hapo, bado kalala chali.

"Limenyamaza?" akauliza mama.

"Bado, mama. Lakini nimejua ni upande wa kushoto."

"Ah. Haya, mwanangu. Usijichoshe."

Ile "haya" aliisikia ina huzuni ndani yake, na huzuni hiyo akaibeba kifuani siku nzima, maana ilimwambia kwamba na kule pia kuna mtu anayengoja.

Kesho yake akanyunyizia bushi za kushoto maji ya sabuni. Gari likanyamaza siku moja, likaanza tena. Fundi mwingine hapo angeshajua: maji ya sabuni yakituliza mlio, mpira wa bushi ndio unaolia. Naye alijua. Ila bushi ilikuwa mpya! Aliingiza mtaimbo, akaitikisa huku na huku, haina ufa, haijalegea. Bolti zake alizikaza mwenyewe, kwa mkono wake, na mkono wake ndio kitu pekee ambacho hajawahi kukishuku. Akashika tama. Ikapita miezi.

Aliyemfungua macho ni mshona nguo wa pale mkabala na gereji, mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye mdomo usiojua likizo. Ijumaa moja mchana alikuja na furushi la vitambaa, akafungua mlango wa kushoto bila kuuliza. "Nipeleke sokoni, Kimya, na usiniambie una kazi, nimekuona tangu saa nne umekaa juu ya tairi." Akaketi. Wakaondoka. Mama huyu akaongea habari za mteja aliyepungua mwili katikati ya kushonewa gauni, akaongea habari za bei ya uzi, wakapita tuta la kwanza, la pili, la tatu. Kimya akakanyaga breki.

"Shuka kidogo."

"Nishuke? Hapa?"

"Mara moja tu. Tafadhali."

Akashuka, furushi mkononi, akasimama ukingoni mwa barabara kama mtu aliyefukuzwa kwao. Kimya akaenda mbele mpaka tuta la nne. Nyiii. Akarudi nyuma, akamfungulia mlango, akapita tuta lilelile naye ndani. Kimya kabisa. Akamshusha tena. Nyiii. Akampakia tena. Kimya.

"Wewe baba," alisema mshona nguo, "mimi nimekuwa jiwe la mizani?"

Kimya alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Alikumbuka. Marehemu mwalimu wake wa ufundi alimfundisha jambo moja kwa ukali kuliko yote: bolti za bushi hazikazwi gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Bushi ni mpira. Ilivyokuwa wakati bolti inaibana, ndivyo itakavyotaka kuwa siku zote, na ukiivuta kwingine, ikiwa mpya huvumilia wiki chache, kisha huanza kulalamika. Liweke gari chini kwa miguu yake, likiwa na mzigo wake wa kila siku, ndipo ukaze. Na kwa Kimya, mzigo wa gari lile ulikuwa nani? Alimkalisha mama kiti cha kushoto saa nzima, na bakuli la maharage ya kuchambua mapajani, yeye yuko kwenye shimo la gereji chini yake. "Mama, usijitingishe." "Mimi ni mtu au gunia?" Hivyo ndivyo alivyozikaza, tena kwa nguvu zote, na kwa fahari, gari limelala kidogo kushoto kwa uzito wa mama.

Gari halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa likilia kwa sababu kiti ni kitupu. Na hakuligundua jambo hilo kwa miezi saba kwa sababu kila jaribio alilifanya peke yake. Mtu mwenye rafiki mmoja tu wa kupanda naye gari angeligundua siku ya kwanza. Hilo lilimuuma, na halina haja ya kupambwa.

Mshona nguo akamtazama. "Sasa si ulegeze hizo bolti uzikaze tena kiti kikiwa kitupu? Hata mimi nimeelewa."

"Ni kazi ya nusu saa," alisema Kimya.

"Sasa?"

Kuzilegeza kulikuwa ni kukubali kwamba kiti kitabaki kitupu, na yeye hakuwa amekubali. Njia ya pili ilikuwepo: amrudishe mama kitini, na gari litanyamaza lenyewe. Ajabu, moyo wake ukawa mwepesi. Jumamosi alfajiri akafagia chumba cha mama, akatandika shuka safi, akatia spana na magogo mawili ya mbao kwenye buti, maana fundi hasafiri mikono mitupu, akaondoka. Hakupiga simu. Gari lililia njia nzima, saa nne, na kwa mara ya kwanza hakukereka.

Alimkuta mama barazani kwa dada, kwenye kiti chenye mikono, anacheza karata na vikongwe wawili wa jirani. Mama alikuwa anacheka. Anacheka mpaka anafuta macho kwa kiganja, anamshutumu mwenzake kwa kuficha karata chini ya paja. Kimya akasimama pale getini na funguo mkononi. Alijaribu kukumbuka ni lini mama alicheka hivyo kule nyuma ya kiwanda, akakosa.

"Mwanangu!" Mama akaweka karata chini. Wale wazee wenzake wakaondoka kwa adabu, wakiahidi kurudi kumaliza ugomvi. Wakabaki wawili. Mama akalitazama gari, akauliza polepole, "Limenyamaza?"

"Bado. Lakini nimejua linalia nini. Ni wewe, mama." Akamweleza: bushi, maharage, mshona nguo aliyeshushwa njiani. Mama alicheka aliposikia ya mshona nguo, kisha akaacha kucheka. "Kwa hiyo ukikaa tu, basi," alimalizia Kimya. "Chumba nimeshafagia."

Mama alichukua karata moja, akaizungusha, akairudisha.

"Nikwambie kitu, na usinichukie," alisema. "Kila ulipokuwa unaniambia bado linalia, nilikuwa nashukuru. Nilikuwa napiga simu moyo unadunda, ukisema bado, nasema haya, napumua."

Ile "haya" ilimrudia Kimya masikioni, akaisikia upya, na sasa haikuwa na huzuni hata chembe.

"Hukunikosea, baba. Ulinilisha, ulinivalisha, gari ulilishusha kwa ajili ya magoti yangu, na hilo nawaambia watu wote hapa mpaka wamechoka. Lakini kule nilikuwa nakaa na ukuta. Unatoka asubuhi, unarudi umechoka, tunakula, tunalala. Siku nzima sisemi na mtu. Nilikuwa nasubiri kusikia gari lako likiingia, na gari lako lilikuwa halina sauti. Unatokea mlangoni tu."

Miaka yote kumi na minne yeye alijiona ana mwenzake. Jioni wakikaa bila kusema, alidhani ule ndio utulivu, na alidhani ni wao wawili.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa umefurahi."

Dada mkubwa alichungulia kutoka jikoni, akaona nyuso zao, akarudi alikotoka. Mama akajiinua kwa mikono ya kiti, taratibu, goti moja kisha la pili, akashuka ngazi moja ya baraza mpaka kwenye gari. Akaweka kiganja juu ya mlango wa kushoto.

"Hizo bolti zinalegezeka hapahapa?"

"Zinalegezeka."

"Basi nitoe, mwanangu. Usiende unalia njia nzima."

Akayatoa yale magogo mawili kwenye buti, akaendesha magurudumu ya mbele polepole mpaka yakapanda juu, akavuta handibreki, akazuia matairi ya nyuma kwa mawe. Gari likasimama kwa miguu yake mwenyewe, kama alivyofundishwa. Akajilaza chini. Mama akabaki ameshika spana ya akiba, kama nesi.

"Nikae?" akauliza kutoka juu.

"Hapana, mama," alisema Kimya. "Simama hapohapo."

Bolti ya kwanza ilikataa, akaivuta kwa uzito wake wote, ikaachia. Alipolegeza ya pili mpira ulijigeuza ndani ya chuma, kiasi cha unene wa ukucha, ukatulia. Kile kidogo tu ndicho kilichokuwa kikilia miezi saba. Kutoka pale chini aliiona miguu ya mama, viatu vyake vya raba, kisigino kimoja kimeinuka kidogo kwa sababu ya goti. Aliitazama kwa muda. Kisha akakaza, kiti kikiwa kitupu, kwa nguvu zote.

Akala chakula cha mchana kwao, akashinda karata mara moja, akaombwa abaki mpaka kesho, akasema ana kazi. Mama akamwambia aje kila mwezi, akaitikia, na aliitikia kwa kweli. Alipopita tuta la kwanza alikaza meno kungoja mlio. Haukuja. Wala kwa la pili, wala katika zile saa nne zote, na barabara ile ina mashimo usiulize.

Alifika jua likiwa bado lipo. Mlinzi wa kiwanda alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ameipa barabara mgongo, anamenya chungwa. Gari lilipita nyuma yake, likakata kona, likasimama mlangoni. Kimya akazima injini, akangoja kidogo na kioo kikiwa wazi. Mlinzi aliendelea kumenya chungwa lake.