Kitabu cha Nyapara

Mwaka ule vita vilipokwisha, Ngumbao alimletea Jumwa kitabu kilichofungwa kwa kitambaa, kama mtu aletaye posa. Jalada lilisema: Michezo Yote ya Marehemu Mwalimu Gona. Jumwa, mjane wa huyo Gona, alinawa mikono kabla ya kukigusa.

"Soma taratibu, mama," Ngumbao alisema. "Mchapaji wa kisiwani ataka kukitoa tena, safari hii vingi, vifike hata Malindi. Ila ataka neno lako mwanzoni, useme haya ndiyo maneno ya mumeo."

Jumwa alisoma kwa kidole, kama alivyofundishwa misheni. Gona alikuwa akitunga michezo ya Krismasi na Pasaka, ikichezwa pale kanisani Kisauni, wala hakumpa mchezaji mchezo mzima. Kila mtu alipewa sehemu yake, pamoja na maneno ya mwisho ya mwenzake, ili ajue wakati wa kuitikia. Michezo mizima aliiweka sandukuni, na mchwa wakaitafuna hata matanga hayajaanuliwa.

Kidole kilipofika mchezo wa nyapara, kilisimama. Nyapara wa Gona alikuwa mwizi wa posho ya makuli, akaja kuumbuliwa langoni na bibi kizee muuza uji. Huyu wa kitabuni alihubiri kurasa tatu, na bibi kizee akampigia magoti kumwomba radhi.

"Ngumbao, mwanangu. Nyapara ulikuwa ukicheza wewe."

"Miaka yote, mama."

"Na aliyemtajia mchapaji maneno ni wewe."

"Wenzangu walisahau. Mimi nilikumbuka."

"Ulikumbuka ya kwako, ukayanenepesha. Ya bibi kizee ukayanyonga."

Ngumbao alicheka kidogo. "Heri nusu shari, mama. Ukikataa, jina la Mwalimu litapotea."

"Jina lake liko kwa Mungu, halina njaa ya wino wenu. Neno langu sitoi."

"Basi kitatoka bila neno lako."

Jumapili iliyofuata Ngumbao alitandaza vile vitabu vya kwanza mezani, mbele ya lango la kanisa, na mchapaji mwenyewe akasimama kando kutazama biashara. Jumwa alikaa ibada yote, akapokea baraka, akatoka pamoja na watu. Alipofika mezani alijifunga leso kiunoni. Maneno ya bibi kizee hakuhitaji kufundishwa. Gona aliyatunga akimsikiliza yeye akigombana na wauza samaki.

"Posho ya watu iko wapi, bwana nyapara?"

Ngumbao alitazama pembeni. "Mama, watu wanapita."

"Wapite wasikie. Wamebeba magunia tangu alfajiri, na wewe watembea na kitambi chao. Nani alikupa ubwana juu ya wenye njaa?"

Hayo ndiyo maneno aliyopewa Ngumbao ayangoje. Aliyangoja kila Pasaka, mwaka baada ya mwaka, na sasa yalipokuja mdomo ukaitangulia akili.

"Sikupewa na mtu, mama," alisema, na magoti yakakunjika yenyewe. "Nilijitwalia."

Walioukumbuka mchezo waliangua kicheko. Mzee Mramba, aliyekuwa akicheza kuli, aliposikia "nilijitwalia" akaitikia kutoka nyuma: "Basi inama nawe ubebe, tuuone mgongo wako." Na mwingine akadaka hapo.

Mchapaji alifunua kitabu, akafunua tena. "Haya hayamo humu."

"Hayamo," Jumwa alisema. "Andika maneno ya hawa, kila mtu na sehemu yake, nami nikisikiliza. Na hivi vya mezani, lifute jina la Gona jaladani, utie la Ngumbao. Ndipo utapata neno langu."

"Nikikataa, bibi?"

Ngumbao alikuwa bado amepiga magoti. Jumwa alikaza fundo la leso.

"Jumapili ziko nyingi, baba. Na mimi sikosi hata moja."