Omena za Jemedari

Jumapili ile mbwa wetu Jemedari alimwiba kuku aliyepikiwa Pasta, kuku mzima, akapita naye mbele ya wageni huku mchuzi unamdondoka, tena taratibu, kama mwenye nyumba. Bwana Nicodemus, tajiri wangu, akasema sasa yamemfika shingoni.

"Agneta, Jumamosi Daktari Wepukhulu wa mifugo anakuja. Kama hii mbwa haiwezi kukaa ikiambiwa kaa, adunge yeye ile sindano ya kulala bila kuamka, tumalize hii maneno."

Mimi ni mpishi, si mwalimu wa mbwa. Tena huyo Jemedari alikuwa amenitafunia ndara mbili na chapati zisizo na idadi. Lakini katika nyumba ile ya Milimani yenye vyumba saba, hakuna aliyefurahi nikirudi kutoka sokoni isipokuwa yeye. Nilimpenda, basi. Nimesema.

Bwana alikuwa na kitabu cha kufunzia mbwa, nacho kilisema mbwa hufunzwa kwa biskuti. Biskuti! Mwaka ule wa sitini na nane, watoto wangu mwenyewe walizionea wapi? Nikashuka Dunga kwa rafiki yangu Zamzam, aliyekuwa akianika omena, wale dagaa wadogo, ufuoni mwa ziwa. Nilizisuuza mchanga kwa maji ya vuguvugu, nikazirudisha juani, kisha nikazikaanga kavu, bila chumvi wala mafuta, mpaka zikawa zinavunjika kra! Nikazitia kwenye mfuko wa aproni.

Jumatatu niliinua omena moja juu ya pua yake. Kichwa kikapanda, matako yakashuka yenyewe. "Kaa!" nikasema upesi, nikampa. Jumanne alikaa kwa neno tu. Kufikia Alhamisi alikuwa anakaa, analala, anatoa mkono, na mara moja alikaa kwa sababu nimepiga chafya. Nilicheka hadi ugali ukaungua.

Zamzam alikuja kutazama, akasimama ng'ambo ya geti, leso ameikusanya.

"Mwambie akae huko huko, Agneta. Akinigusa na hiyo pua, mimi naanza kuoga upya!"

Ijumaa, kwa kiherehere changu, niliifua ile aproni, nikaitia wanga na kuipiga pasi, daktari asinione mchafu.

Jumamosi mbwa wa mtaa mzima walibweka kabla daktari hajafika getini. Walimjua. Mikono yake ilijaa makovu ya meno yao.

"Haya mama, anza," akasema, mkoba mweusi miguuni.

Nikatia mkono mfukoni. Wanga mtupu, hata omena moja!

"Kaa!" nikasema. Jemedari akainusa aproni, akakuta sabuni, akajikuna sikio. "Kaa, wewe!" Akapiga miayo. Bwana akatikisa kichwa. Daktari akafungua mkoba, nami machozi yakanilengalenga.

Hapo Zamzam akatokea na karai la omena kichwani, maana nilikuwa nimemwagiza za wiki ijayo. Nikamfanyia ishara zote ninazozijua: leta, leta! Lakini Zamzam alilelewa vizuri. Alitua karai nje ya geti, akaingia kwa kumpita Jemedari mbali, na kuanza na mkubwa.

"Mimi nipite mzee bila kumpa mkono? Ai yawa! Hamjambo, Daktari? Mama yuko? Watoto? Ng'ombe? Mvua huko kwenu?"

Na kila swali aliuminya mkono wa daktari kwa mikono yake miwili, iliyotoka kuchota omena asubuhi nzima.

Pua ya Jemedari ikainuka. Akaniacha, akamwendea daktari moja kwa moja. Zamzam alirukia nje ya geti kwa mwendo nisiowahi kuuona kwa mtu wa unene ule.

"Daktari, chunga mkono!" Bwana akapiga kelele.

Daktari alishafumba macho, alizoea. Jemedari akakaa mbele yake. Akalala. Akainuka, akatoa mkono, kisha akaulamba ule wa daktari, kovu moja baada ya jingine.

Mzee wa watu akafumbua macho.

"Miaka kumi na nane natibu mbwa ya hii mji," akasema. "Hii ndiyo ya kwanza kunisalimia."

Bwana akanigeukia. "Agneta, ulimlisha nini?"

"Adabu, Bwana."

Sindano ilitoka mkobani hata hivyo, ila ilikuwa ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Zamzam alinirushia konzi ya omena juu ya geti, nami nikamnyooshea Jemedari. Alidungwa akitafuna, wala hakugeuka kuangalia.