Stelingi Aliyesimama Kando ya Mzani

Jumamosi ile watu wa mtaa wa Lizaboni waliwahi kuingia kwenye banda la video la Hamisi, maana sehemu iliyopita ilikuwa imewaacha pabaya. Kapteni, stelingi wa ile picha ya vyombo vya angani, alikuwa amesimama na bunduki yake ya mwanga mbele ya mlango wa chuma, ndani ya chombo cha maadui. Kabla hajausukuma, mkanda ukaisha. Wiki nzima watu walibishana bombani, nje ya kanisa na kwenye vilabu vya pombe ya komoni juu ya kilichokuwa nyuma ya mlango ule.

Hamisi, Myao aliyetoka Tunduru na deki yake ya video mara tu biashara za watu binafsi ziliporuhusiwa, alining'iniza mablanketi madirishani, akawasha jenereta. Dastan mkalimani akajiweka karibu na televisheni na fimbo yake. Dastan aliwahi kusoma kwa watawa wa Hanga, na Kiingereza chake ndicho kilichojaza mabenchi. Picha ikisema neno moja, yeye alisema matano, na watu waliridhika.

Walburga, aliyekuwa akiuza karanga mlangoni, aliingia mwisho, akakaa benchi la nyuma. Waliokuwa karibu wakasogeza vikapu vyao. Tangu mumewe Hironimus, mlinzi wa ghala la chama cha msingi cha ushirika, afungwe kwa wizi wa mbolea, watu walikuwa na desturi hiyo. Karanga zake walinunua, ila walizinusa kwanza.

Mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, alikaa Bwana Edwin, aliyekuwa meneja wa ghala lile na sasa ana duka lake mwenyewe la mbolea. Alikuwa mtu mkarimu. Mkono mtupu haulambwi, na wake haukuwa mtupu.

Mlango wa chuma ukafunguka. Nyuma yake kulikuwa na ghala la chama.

Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Walilijua kwa mzani wake uliopinda na kwa maneno ya ukutani ya kuhimiza ushirika, ambayo mchwa walikuwa wamekwisha kula nusu. Kapteni aliingia, akasimama kando ya mzani, akashusha bunduki. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Hironimus, ndani ya koti lake la kazi, alikaa mlangoni na taa ya chemli miguuni. Lori likaja kinyumenyume. Bwana Edwin akashuka, akafungua kufuli kwa ufunguo wake, akaanza kuzungumza na Hironimus kwa Kingoni.

Watu wakaguna. Picha gani hiyo, mtu anaielewa yote? Dastan aliinua fimbo, akasikiliza, akaishusha.

Kwenye televisheni Bwana Edwin alisema mbolea inahamishwa, ni amri ya wakubwa. Hironimus akaomba kuona karatasi. Bwana Edwin akasema karatasi itafuata, kwa sasa amulike tu, vijana wa lori wasije wakajikwaa. Hironimus akainua taa. Ikafuata mifuko, mmoja mmoja, polepole, hata watu wakaanza kupiga miayo. Kapteni alisimama vilevile, macho makavu. Lori likaondoka, Hironimus akafunga mlango, akakaa. Hapo mkanda ukaisha.

Lawama zikaanza. Watu walimshuku Hamisi kwamba amekata vita na kwenda kuvionesha Mbinga. Hamisi alimshuku aliyemuuzia mkanda Dar es Salaam. Dastan aliwashuku wote kwamba wanataka kumnyima kazi, maana picha za Kingoni zikizidi, yeye atakula wapi? Bibi Kunegunda, mpika komoni, ambaye hakuwahi kukosa sehemu hata moja, ndiye aliyeutoa uchungu wa wengi.

"Stelingi gani anaona watu wanaiba, halafu anasimama tu na bunduki mkononi?"

Banda zima likamuunga mkono. Bwana Edwin naye alikubali kwamba sehemu hii ilikuwa dhaifu. Mwanga ulikuwa hafifu, alisema, na yeye mwenyewe ameonekana mnene kuliko alivyo.

Walburga akasimama. Alikuwa na hasira, lakini aliongea taratibu, kwa sababu mke wa mwizi akipaza sauti husemwa ana kichaa. Aliwakumbusha kwamba mahakamani Bwana Edwin aliapa kuwa usiku ule alikuwa Mbesa, anamuuguza mama yake hospitalini, na kwa kiapo hicho Hironimus akafungwa. Sasa wote wamemwona, ufunguo mkononi. Aliomba watu wawili tu wamsindikize Jumatatu kwa hakimu, wakaseme walichokiona.

Watu wakatazama miguu yao. Mmoja alisema sinema ni sinema. Mwingine, mkweli zaidi, alisema wameona, hilo halina ubishi, lakini mvua ziko karibu na mwaka huu mbolea iko kwa Bwana Edwin peke yake. Alisema hivyo bila haya yoyote, na wenzake wakaona amesema vizuri.

Walburga akamgeukia mkalimani.

"Dastan mwanangu, wewe ndiye unayewaambia watu picha imesema nini. Waambie na hii imesema nini."

Dastan alimtazama Bwana Edwin, kisha akaitazama fimbo yake.

"Nisamehe, mama. Mimi natafsiri Kiingereza. Hiki kilikuwa Kingoni."

Bwana Edwin akainuka, akasema anakwenda Dar es Salaam kuchukua mzigo na atawatafutia sehemu ya maana yeye mwenyewe. Watu walimshukuru sana. Aliporudi aliileta kweli. Kapteni aliwachoma maadui wote, Dastan alitafsiri mpaka sauti ikamkauka, na Bibi Kunegunda alisema hiyo sasa ndiyo picha.

Ule mkanda mbovu Hamisi alimpa Walburga bure, kwa kuwa hakuna ambaye angeutazama tena. Siku ya kuwaona wafungwa aliufunga kwenye kanga pamoja na karanga. Askari wa mlangoni aliugeuzageuza kwa wasiwasi, akauliza una nini ndani. Walburga akajibu kwamba yumo mume wake. Askari akaona hesabu ya wafungwa itaharibika, akauzuia, karanga akaziruhusu.

Hironimus alikuwa amekonda. Walburga alimsimulia yote kupitia wavu, tangu mlango wa chuma hadi Dastan. Alisikiliza kwa utulivu, akataka kujua kama mkono wake wenye taa ulikuwa unatetemeka. Haukutetemeka. Akauliza watu wamesemaje.

"Wamesema haikunoga, Baba Fortunata."

Hironimus akatikisa kichwa kukubali. Hata yeye, alisema, usiku ule aliuona mrefu na hauna cha kutazama. Akatafuna karanga, akafikiri.

"Yule mwenye bunduki, pale kwenye mzani, kumbe ndiye stelingi?"

"Ndiye."

"Mimi usiku ule nilidhani ni mtu wa Bwana Edwin."